Kikulacho ki mfukoni mwako!

NAANZA na kidole. Chenyewe ni kidole cha shahada, cha mkono wa kulia, na si changu, ni cha binamu yangu. Hakikunjiki vizuri. Ukimpa mkono kumsalimia, vidole vingine vyote vinakubana sawasawa, hicho kimoja kinabaki kimenyooka kama anakuonyesha njia ya kwenda Mbagala. Wenzake kule Keko wanamtania, na mwenyewe anacheka nao. Mimi sicheki. Kisu kilichomfanya vile nilimnunulia mimi, kama zawadi, kwa shilingi 3,000.

Ilikuwa hivi. Dogo alipomaliza kidato cha nne, alizungukazunguka mtaani mwaka mzima, kisha akapata pa kujifunza kazi ya makochi. Nilifurahi mno. Siku hiyo nilikuwa napita Kariakoo, Mtaa wa Msimbazi, nikamkuta machinga na sinia lake la visu vya kukunja, vinang'aa utadhani meno ya bibi harusi. "Kaka, hicho chuma cha Mjerumani," akaniambia. Kwenye bapa pameandikwa kwa Kiingereza kwamba kimetengenezwa China, lakini nani alikuwa na haja ya kusoma? Nikatoa buku tatu, nikasindikizwa na "karibu tena", nikaondoka natembea kama tajiri.

Wiki mbili baadaye nikapigiwa simu. Dogo alikuwa anatoboa sponji nene ya kochi, kasukuma kwa ncha, ncha ikagoma, bapa likarudi kinyumenyume na kufunga juu ya vidole vyake mwenyewe. Nyuzi saba! Na si nyama tu iliyokatika, na mshipa unaokunja kidole uliguswa. Walimshona, akahudhuria kliniki, kidonda kikapona. Kidole hakikurudi kama zamani. Kwa fundi wa makochi, anayeshika mkasi na nyundo kutwa, hilo si jambo dogo, bwana.

Tangu siku hiyo nimekuwa kama mtu aliyerogwa na visu. Nikiona cha kukunja, nasimama. Nimekusanya vitano vya bei ya watu wa kawaida kama wewe na mimi, nikavijaribu kimoja kimoja. Leo nakupa matokeo, ili nawe usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia.

Waliopanda jukwaani

Wa kwanza ni pacha wa yule mhalifu. Nilirudi Msimbazi nikanunua kingine kile kile, sh. 3,000. Mpini wa plastiki unaoiga mbao, bapa linang'aa, na kinachozuia bapa lisijifunge ni springi ndogo tu mgongoni. Hakuna loki.

Wa pili ni kile chekundu chenye msalaba mweupe na madude chungu nzima: msumeno, mkasi, kopo, chupa, kila kitu. Sh. 8,000. Wengi wanakiita "cha Uswisi". Ukweli ni kwamba cha Uswisi hasa ni kazi ya Victorinox, kampuni iliyoanzia kwenye karakana ya Karl Elsener mwaka 1884, ambayo mwaka 1891 ilianza kulipatia jeshi la Uswisi visu vya askari. Cha kwao utakiona kimegongwa jina la kampuni na la nchi kwenye shina la bapa, pale linapoingia kwenye mpini. Changu pale pana kimya. Feki, mshikaji wangu! Tena kumbuka, hata vile vya Uswisi halisi, vidogo vya kawaida havina loki. Vimetengenezwa kwa kukata, si kwa kuchomea.

Wa tatu ni Mchina wa kisasa. Mweusi tii, ana kibanio cha kuchomeka mfukoni, bapa nene, sura ya sinema za komando. Sh. 10,000. Huyu ana loki ya kibati: ukikifungua, kipande cha chuma chembamba ndani ya mpini kinaruka na kusimama nyuma ya bapa. Mpaka ukisukume pembeni kwa dole gumba ndipo kikunjike.

Wa nne ni Okapi. Nilimwomba dereva mmoja wa malori ya Tunduma aniletee, akaniletea kwa sh. 15,000. Mpini wa mbao wenye nakshi za chuma za mwezi na nyota, bapa refu, na mgongoni kuna pete. Unapofungua kinalia kra-kra-kra kama kilemba cha baiskeli ukirudisha pedali nyuma. Kukifunga lazima uivute ile pete.

Wa tano ni Opinel, Mfaransa. Shemeji yangu ni baharia, ndiye aliyeniletea. Sinia za machinga wetu sijakiona, lakini kule kwao ni kisu cha mkulima na cha mtoto wa shule anayekwenda kupiga kambi, si kitu cha matajiri. Mpini wa mbao tupu, bapa jembamba, na pete shingoni unayoizungusha kwa vidole ili bapa lisirudi.

Historia kidogo, usilale

Hawa wawili wa mwisho wana hadithi tamu. Okapi kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902, kwa ajili ya kuuzwa kwenye makoloni yao ya Afrika. Piga hesabu uone: mwaka 1902 bendera iliyokuwa inapepea hapa kwetu ilikuwa ya nani? Ya Mjerumani huyo huyo. Kwa hiyo kisu hiki kilifikiriwa kwa ajili ya mifuko ya watu wa nchi kama hii. Jina ni la yule mnyama wa misitu ya Kongo, mwenye miguu ya pundamilia na undugu na twiga, ambaye wanasayansi wa Ulaya walimwandika vitabuni mwaka 1901. Bado alikuwa habari motomoto, wakambandika kwenye kisu! Siku hizi Ujerumani hawakitengenezi tena. Tangu mwaka 1988 kinatoka Afrika Kusini. Vijana wa rege mtakipenda zaidi nikiwaambia kwamba kule Jamaika nako ni maarufu, wanakiita "ratchet" kwa sababu ya ile sauti yake.

Opinel nacho ni cha mwaka 1890. Kijana mmoja, Joseph Opinel, mtoto wa fundi wa zana kwenye milima ya Savoie, ndiye aliyekibuni. Vinauzwa kwa namba kufuatana na ukubwa. Zilianza 1 hadi 12, baadaye namba 1 na namba 11 zikaondolewa. Changu ni namba 8, bapa lake sentimita nane na nusu. Ajabu ni hii: ile pete ya usalama haikuwapo mwanzo. Iliongezwa mwaka 1955. Yaani miaka 65 watu walikuwa wanakitumia bila loki, na nina hakika vidole vya Savoie navyo vina hadithi zake.

Jaribio la loki

Hapa ndipo penyewe. Sikutaka kidole cha mtu kikaribie, kwa hiyo nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea, nikabana mipini kwenye vaisi, kisu kikiwa kimefunguliwa. Kisha nikawa nagonga mgongo wa bapa kwa mpini wa nyundo. Si kwa nguvu, bali kama mtu anayebisha hodi.

Cha 3,000: hodi ya kwanza tu, kwaheri. Kilijifunga chap! Fundi aliruka nyuma ingawa hakuwa karibu. Nilisimama pale nikikitazama, nikaona mkono wa binamu yangu. Sitaficha, nilitoka nje kidogo.

Chekundu: nacho kilijifunga, tena ribiti ya katikati ikalegea. Kale kadude ka kuzibulia mvinyo nilikajaribu pembeni kwenye kizibo. Kalinyooka kama msumari.

Mchina wa loki: hodi ya kwanza alishika, ya pili akashika, ya tatu akaachia. Nilipochungulia ndani, kile kibati kilikuwa kimesimama ukingoni kabisa, hakikuingia nyuma ya bapa. Nikaenda kununua kingine, sinia lile lile, machinga yule yule. Hicho kiligongwa mara kumi kikakaa imara. Umeona? Jina moja, bei moja, tabia mbili. Kwa visu vya namna hii hununui jina, unanunua kile ulicho nacho mkononi. Kipime papo hapo.

Okapi: kilishika mara zote. Bapa linacheza kidogo kulia na kushoto kama jino la mtoto, lakini kurudi nyuma halirudi. Ule mlio una maana yake: kila "kra" ni jino limeshikwa.

Opinel: pete ikiwa imezungushwa, imara kama mlango wa benki. Pete ikiwa haijazungushwa, kilijifunga hodi ya kwanza sawa na kile cha 3,000! Loki ambayo hujaifunga si loki, jamani. Ni pambo.

Makali na kutu

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Mimi nilitumia machungwa ya Muheza, kamba ya katani na vipande vya sponji.

Opinel kilichukua nafasi ya kwanza bila ubishi. Bapa lake ni jembamba, linapita kwenye chungwa kama halipo. Okapi kilikuja kibutu kidogo. Nilipokinoa, kikawa jirani yake. Mchina wa loki ana bapa nene mno. Chungwa halikatwi, linakamuliwa. Chekundu kilijitahidi kwenye chungwa, kwenye kamba kikaomba msamaha. Cha 3,000 kilikata kamba mara tano, mara ya sita kikawa kinaipapasa.

Kisha nikavifunga vyote kwenye kitambaa chenye chumvi na limau, nikaviacha usiku kucha. Kikatili, ndiyo, lakini nani asiyejua jasho la mfukoni na hewa ya bahari ya mji huu? Asubuhi Okapi kilikuwa chekundu kwa kutu, na Opinel kimejaa madoa meusi na kutu. Vyote viwili ni vya chuma cha kawaida. Hutengenezwa pia Opinel zisizoshika kutu, ila changu si cha aina hiyo. Mchina wa loki alikuwa safi kabisa. Chekundu kilijifanya safi, kumbe springi za ndani zimeoza. Kutu tumboni!

Opinel kilinipa kituko kingine. Mbao ilikunywa maji ikavimba, bapa likagoma kutoka. Shemeji akanicheka, akachukua kisu, akagonga kitako cha mpini kwenye meza. Bapa likachungulia, akalivuta. Kumbe wenyewe Savoie ndivyo wafanyavyo. Wewe ukikipata hapa kwetu, mpini uupake mafuta kidogo na usikiache kwenye maji.

Usinunue kabla hujafanya haya

Moja, kifungue mbele ya muuzaji. Bapa likitoka lenyewe kwa kutikiswa mpini, rudisha kwenye sinia. Kitakufungukia mfukoni.

Mbili, kisicho na loki kitumie kukata tu, makali yakivutwa kuja chini. Usichome, usitoboe, usisukume kwa ncha. Kazi ya kutoboa itafutie kisu cha mpini wa moja kwa moja, kile kisichokunjwa. Hicho hakina cha kujifunga.

Tatu, chenye loki ya kibati kichungulie. Kibati kiwe kimeingia nyuma ya bapa, si kukaa ukingoni. Kisha bonyeza mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza, vidole vyako vikiwa mbali na njia ya makali.

Nne, noa. Kisu kibutu ndicho kinachokata watu, kwa sababu unakilazimisha. Huna kinoo? Geuza kikombe cha udongo, ule mduara wa kitakoni usiopakwa rangi unanoa vizuri sana. Lalisha bapa kidogo, vuta polepole, upande huu na upande huu. Kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba.

Tano, kifute baada ya machungwa na maembe, hasa vile vya chuma cha kawaida. Bapa litageuka rangi ya kijivu, usihofu, hiyo si kutu. Kutu ni ile nyekundu.

Si cha kutishia mtu

Na hapa nawaambia masela, tena kwa upendo. Kisu cha kukunja ni cha chungwa, kamba na boksi. Ukikitoa kwenye ugomvi wa daladala, umejitafutia kesi, na kutembea na silaha hadharani kwa kutisha watu ni kosa kwa sheria. Hata Okapi, pamoja na uzuri wake, kule Afrika Kusini jina lake limechafuliwa na wahuni waliokipenda kwa kazi mbaya. Uwanjani kwenye mpira kiache nyumbani. Ukipanda ndege kiweke kwenye begi la mizigo, vinginevyo kitabaki kwa wakaguzi, ukibaki unalia.

Nani kashinda?

Kwa makali, Opinel. Kwa kutoshika kutu na kupatikana kirahisi mjini, Mchina wa loki, ikiwa tu umempima. Kwa kudumu na loki inayojieleza, Okapi. Chekundu feki mpe mtu unayemdai. Cha 3,000 usimpe mtu yeyote.

Lakini mshindi sikumchagua mimi. Jumapili iliyopita nilivifunga vile vitatu vizuri kwenye gazeti nikaenda navyo Keko. Nikavipanga juu ya kochi lisilo na kitambaa, nikamwambia dogo achague. Moyo ulikuwa unanidunda kama nakwenda kuposa.

Akashika Opinel, akajaribu kuzungusha pete. Kile kidole kikawa kinamzuia, pete inateleza. Akakirudisha. Akashika Mchina, akafungua, akachungulia ndani kama nilivyomfundisha, akakirudisha pia. Kisha Okapi. Kra-kra-kra. Akavuta pete kwa dole gumba, akafunga. Akafungua tena, macho kayafumba.

"Hiki kinaongea, kaka," akasema. "Sihitaji kukitazama. Nikisikia, najua kimeshika."

Nikamwambia basi ni chako, na hapo hapo nikaona nitoe lile lililonikaa rohoni siku zote. Nikaanza kuomba radhi kuhusu kile kisu cha Msimbazi. Hakuniacha nimalize.

"Mwenyewe nilikuwa nasukuma kwa ncha," akasema. "Fundi alishanikataza." Akaniinamishia sanduku lake la kazi nione. Ndani kuna kisu kirefu cha jikoni, mpini umezungushiwa mpira wa baiskeli, makali yananyoa. "Sponji nakata kwa hiki. Hicho chako nitakulia machungwa."

Akalitoa chungwa moja mfukoni, akalimenya palepale, ganda likatoka zima, refu kama utepe. Akanipa nusu. Kidole kimenyooka vile vile, kinaelekeza Mbagala.